Maua Saba na Paka Mmoja

Jumapili hiyo, baada ya sala na kabla ya matangazo, Melchior alivaa miwani, akafungua daftari lake la jalada jekundu, akaanza kusoma makosa ya juma.

"Mama Jeannine," alisema, kwa sauti ileile aliyoitumia miaka thelathini na miwili kusomea matokeo ya darasa la tano. "Jumatatu, maua mawili. Jumanne, ua moja na maneno ya Kifaransa. Alhamisi, maua matatu. Ijumaa, ua moja. Jumamosi, paka."

Akina mama waliokaa kwenye viti vya plastiki waliinamia magoti yao ili wasicheke.

"Yule paka alikuwa nasali, Papa Président," Jeannine alijitetea. "Alikuwa ameunganisha mikono."

"Paka hapana salaka."

Hapo kicheko kikawashinda. Jeannine naye alijaribu kucheka kidogo pamoja nao, ila kicheko chake kiliishia njiani.

Shirika la Mwenyeheri Anuarite lilikuwa la nyumba ishirini na sita za Wakatoliki, zote upande mmoja wa kilima, pembeni mwa mji wa Butembo. Melchior alichaguliwa rais wake siku alipostaafu ualimu, na alilipa shirika kile alichokuwa nacho, yaani utaratibu. Kanuni ya nne ilisema kwamba groupe ya WhatsApp ni ya vifo, wagonjwa, misa na matangazo. Kanuni ya tano ilisema kwamba kila mkutano, simu zote zizimwe sauti na ziwekwe katika kikapu karibu na mlango, hadi amina ya mwisho. Aliyevunja kanuni alilipa sabuni, na sabuni hizo walipelekewa wanawake waliojifungua. Hata Padri alisema kwamba ni mpango mzuri.

"Papa Président, mi niko pekee kule juu," alisema Jeannine, sasa kwa sauti ya chini. Alikuwa mjane aliyeuza sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, na simu yake kubwa alitumiwa na bintiye Précieuse, aliyeolewa Bunia. "Précieuse ananitumiaka ua asubuhi, na miye naipitisha. Nikituma ua, batu banajua nimeamuka."

"Kwa kuamuka, jogoo iko," alijibu Melchior. Watu wakacheka tena. "Kwa huruma ya shirika, utaleta sabuni mbili tu. Na jambo la mwisho. Kuanzia leo nimefunga groupe. Président pekee njo ataandika. Benye kubakia, mutasoma."

Kufunga groupe alifundishwa na bintiye Aurélie, aliyekuwa akisoma Beni na kupanga chumba huko katika mtaa wa Beu. Alimwelekeza kwa simu, hatua kwa hatua, na Melchior akaandika kila hatua kwenye daftari.

"Na mutu akiwa na neno la maana?" akauliza Jeannine.

"Aje kwangu. Mulango yangu haiko mbali."

---

Mvua ilianza Jumapili usiku. Jumatano saa saba mchana ilikuwa bado inanyesha, si kwa hasira, bali kwa subira, kama mgeni aliyeamua kukaa. Katika nyumba ya Melchior, katikati ya mlima, ndoo mbili zilikinga maji ya dari. Mke wake Kavuo alikuwa akifunga mzigo ndani ya kitenge: unga wa mahindi, maharagwe, na vipande sita vya sabuni.

Akina mama wa shirika walikuwa wanakwenda kumpongeza Julie. Julie alikuwa na mtoto wa siku tisa, mvulana wa pili, kwa hiyo jina lake, kwa desturi ya Wanande, lilijulikana kabla hajazaliwa: Kambere. Mume wake alikuwa Kyavinyonge, ziwani kwenye samaki, na mtoto mkubwa alikuwa kwa shangazi.

"Hizi mbili ni za Mama Jeannine," Kavuo alisema, akizipima sabuni mkononi. "Alizileta jana asubuhi, mbele ya jua. Aliziacha ku mulango, hata hodi hapana."

"Alilipa kwa wakati. Ni vizuri."

"Ulimupatisha haya, Papa Aurélie. Mutu mukubwa vile, unamuhesabia paka mbele ya batu."

"Nilihesabia kila mutu."

"Ulianzia kwake na ukamalizia kwake. Siku utafika mbinguni, utaomba kwanza daftari, uone kama Petro anafanya appel ya majina kila asubuhi."

Melchior alikuwa amemaliza kula, na baada ya kula alikuwa na kazi yake. Alichukua simu, akaipangusa kwa leso, akaiweka ndani ya kopo la bati la maziwa ya unga, akakandamiza kifuniko kwa ngumi. Mwezi wa tatu panya alitafuna waya wa kuchajia, na tangu siku ile simu ililala ndani ya kopo, saa saba hadi saa kumi, bila kukosa. Aurélie alikwisha kumwambia kwamba ndani ya bati simu haipati réseau, yaani mtandao. Melchior alimjibu kwamba hata simu inahitaji kupumzika.

"Nikichelewa, nitakuita," Kavuo alisema mlangoni, akifungua mwavuli.

"Uniite tu."

"Nitaita kopo?" Akashuka na mvua, akicheka peke yake.

---

Saa tisa na dakika chache, mtu aligonga mlango kwa kiganja, si kwa vidole. Melchior alifungua. Mama Jeannine alisimama pale, matope hadi magotini, kichwa bila kitambaa, kandambili mguu mmoja tu. Mkononi alishika simu yake, ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki ambamo kwa kawaida alipimia sombe.

"Nimekuita mara kumi na moja!" alisema. Alikuwa akihema. "Papa Président, mulima inapasuka."

"Kaa kwanza, Mama. Mulima gani?"

"Hii! Hii yetu! Tazama."

Alimwonyesha picha bila kuitoa simu kwenye mfuko. Ya kwanza ilikuwa ya Jumatatu: ardhi nyekundu karibu na mikaratusi yake, na ufa mwembamba kama uzi. Kando ya ufa aliweka kandambili, ili mtu aone kipimo. Ya pili, ya Jumanne: kandambili ileile, na ufa sasa unaweza kumeza kidole. Ya tatu ilikuwa ya leo. Melchior aliivuta kwa vidole viwili, akatafuta kandambili, hakuiona.

"Kandambili iko wapi?"

"Iliingia," alisema Jeannine.

Melchior alivua miwani, akaivaa tena. Alikuwa mtu wa kupima, na sasa alikuwa amewekewa mbele yake vipimo vya siku tatu, vimepangwa vizuri kuliko wanafunzi wake walivyowahi kupanga.

"Juu ya nini hukuleta hii jana?"

"Nilikuja jana, nikiwa na sabuni. Nilisimama hapo ku mulango. Nikasema, atasema tena ni paka."

Wote wawili, bila kuambizana, walitoka hadi uani na kutazama chini.

Kutoka pale mtu aliona yote. Juu, upande wa kulia, mikaratusi ya Jeannine. Chini kabisa, moja kwa moja chini ya mikaratusi hiyo, bati la buluu la nyumba ya Julie, na moshi wa jikoni ukitoka. Katikati ya uwanja wa Melchior na bati lile kulikuwa na korongo, ambalo siku za kiangazi watoto waliliruka kwa kucheka. Leo lilikuwa likipitisha maji ya rangi ya chai ya maziwa, na ndani ya maji kulikuwa na mawe, yakigongana.

"Kavuo!" Melchior aliita. Sauti yake haikufika hata kwenye migomba yake mwenyewe.

"Nimepaza sauti mpaka koo imekauka," alisema Jeannine. "Bako ndani, bati inapiga kelele. Na kwa barabara ni kuzunguka nusu saa na pikipiki. Leo hakuna pikipiki inaweza kupanda hii matope."

"Uliita simu yake?"

"Niliita simu ya kila mutu! Ziko mu kikapo. Kikapo yako."

---

Kifuniko cha kopo kilikuwa kimevimba kwa unyevu, au ngumi ya Melchior ilikuwa nzuri mno siku hiyo. Alijaribu kucha, kisha kijiko, kijiko kikapinda. Jeannine alilichukua kopo, akalibana katikati ya mapaja, akalifungua kwa kisu cha kukatia sombe alichokitoa kiunoni. Simu ilitoka, ikapumua réseau, ikaanza kulia: simu kumi na moja zilizokosekana.

Melchior alimwita Kavuo. Ililia hadi ikachoka. Akamwita Julie. Vilevile.

"Nitaandika ku groupe," alisema. "Miye bado naweza kuandika."

Alikaa kwenye benchi, akaweka simu juu ya goti, akaanza kwa kidole kimoja. Jeannine alisimama nyuma yake, akasoma kila herufi ilivyozaliwa. *Tumsifu Yesu Kristo. Wapendwa wanashirika wa Mwenyeheri Anuarite, ni kwa moyo wa*

"Papa! Unaandikia askofu?"

"Tangazo na kichwa yake."

"Kichwa ya mama ya Aurélie iko chini ya mulima! Andika 'mukimbie'!"

Alifuta. Kufuta nako kulichukua muda, kwa sababu alifuta herufi moja moja. Mwishoni aliandika: *Mutoke. Mulima unaanguka.* Akatuma. Vistari viwili vya kijivu vikatokea kando ya maneno, vikakaa kijivu.

Wakangoja. Moshi wa jikoni kwa Julie uliendelea kupanda kwa amani. Hakuna aliyetoka. Kule juu mkaratusi mmoja ulikuwa umeinama kidogo upande wa bonde, kama mtu mrefu anayesikiliza maneno ya mtu mfupi.

"Hawasome," alisema Melchior, na sauti yake ya darasani ilikuwa imemtoka. "Bako mu rozari. Kavuo njo anachungaka kikapo. Hatakubali mutu aguse."

"Nani alimufundisha?"

Melchior aligusa vile vistari kwa kidole.

"Message moja inatikisa simu mara moja," Jeannine alisema, taratibu sasa, kama anayefikiri kwa mikono. "Batasema ni tangazo ya misa, ingoje amina. Kikapo inapaswa kutikisika mpaka ikatae kukaa. Papa Président, maua yangu iko wapi?"

"Maua gani?"

"Yenye ulisoma Jumapili. Mutu hawezi hesabu vile kama hana kitu ya kuhesabu. Uliyachunga?"

Uso wa Melchior uligeuka rangi, kadiri uso wa mtu wa miaka sitini na tatu unavyoweza. Alifungua simu, akaingia kwenye picha, akagusa kisanduku kilichoandikwa *Ushahidi*. Yalikuwa yote humo: mawaridi, alizeti, jua likichomoza juu ya kikombe cha kahawa, njiwa, na paka kadhaa, kwa mpangilio wa tarehe.

"Eeh, Yesu Maria," alisema Jeannine. "Kumbe unazipenda kuliko miye."

"Ni ushahidi."

"Nipe."

Alinyang'anya. Kidole gumba chake, ambacho Melchior alikuwa amekihukumu mara nyingi, kilikimbia juu ya kioo haraka kuliko macho yake yalivyoweza kufuata. Ua, tuma. Ua, tuma. Njiwa, tuma. Kahawa, tuma. Hakuzituma kwa fungu, alizituma moja moja, ili kila moja ilie peke yake. Alipofika thelathini na kitu alimrudishia simu na kubonyeza alama ya kipaza sauti.

"Sasa sema. Na mudomo. Hapana kuandika."

Melchior alifungua mdomo. Salamu ya shirika ilikuja hadi kwenye meno, akaimeza.

"Kavuo," alisema. "Kavuo wangu, mutoke. Udongo inakuja. Mupite ku barabara, mukimbie ku shule, hapana kuchukua kitu. Kavuo."

Jeannine aliachia kidole, sauti ikaenda. Kisha, kwa kuwa mkono ulikuwa bado na moto, akaongeza paka watatu.

---

Vistari vilikaa kijivu. Melchior alivitazama kama mtu anavyotazama sufuria. Alihesabu hadi ishirini, kisha hadi ishirini tena.

Jeannine alibonyeza ujumbe kuona orodha ya waliosoma. "Mutu moja amesoma," alisema.

Mlango wa Julie ulifunguka. Mwavuli mwekundu ukatoka, kisha mwingine wa njano, kisha wanawake bila miavuli, vitenge juu ya vichwa, wakikimbia kwa mstari upande wa barabara. Melchior alihesabu. Hakuweza kujizuia. Waliokwenda kwa Julie walikuwa kumi na watatu, na Julie mwenyewe wa kumi na nne, na mama mkwe wake, mzee, wa kumi na tano. Kumi. Kumi na mmoja. Mzee alitoka mgongoni mwa mtu. Julie alitoka na mtoto kifuani, ndani ya koti la mwanamume. Kumi na wanne.

"Kavuo hajatoka," alisema.

"Atatoka."

"Anafanya nini ndani?"

Mkaratusi ulioinama ulianza kutembea. Ndivyo Melchior alivyoweza kusema baadaye, na hakuna aliyemwambia kwamba amekosea: mti ulitembea, umesimama wima, na mingine mitano ikaufuata, pamoja na shamba la maharagwe chini yake, kama watu wanaohama nyumba kwa heshima. Kelele ilikuja nyuma yake. Ilikuwa nzito na ya chini, ilisikika zaidi miguuni kuliko masikioni.

Mlangoni kwa Julie alitokea mwanamke mfupi, mnene kidogo, ameshika kikapu kichwani kwa mikono yote miwili. Alikimbia. Melchior hakuwa amemwona mke wake akikimbia tangu mwaka Aurélie alipoanguka kisimani. Alimwona akifika kwenye kona ya ukuta, akafika kwenye njia, kisha ukungu wa matope na maji ukainuka na kufunika yote: bati la buluu, njia, barabara, kikapu.

Jeannine alikuwa amemshika mkono juu ya kiwiko. Mvua ilinyesha tu, kama haikuhusika.

Ikapita dakika moja. Melchior hakuweza kuita. Aliogopa kulia kwa simu upande wa pili, na aliogopa zaidi kutolia kwake. Alisimama ameishika kwa mikono miwili, kama kifaranga.

Ikalia.

"Allô?" alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Papa Aurélie." Kavuo alikuwa akihema. Nyuma yake wanawake walikuwa wakilia na kusali kwa pamoja, na mtoto mchanga alikuwa akipiga kelele za hasira. "Tuko bote. Bote kumi na tano, na Kambere. Tuko ku shule. Jikoni ya Julie imeenda. Chumba kubwa nayo imeenda. Nilirudia kikapo."

"Nilisema hapana kuchukua kitu!"

"Kikapo iko na simu ya kila mutu. Tungekuita na nini? Na jogoo?" Akavuta pumzi. "Na sasa uniambie. Huyu paka ni wa nini?"

Melchior alikaa chini, pale pale uani, ndani ya matope, na suruali yake ya kwenda kanisani.

---

Kwa majuma mawili Kavuo alisimulia habari hiyo kila alipokwenda, na kila mara kikapu kilizidi kuwa hai.

Ilikuwa fumbo la tatu la rozari, alisema. Kikapu kilikuwa juu ya meza karibu na mlango. Kikatetemeka mara moja, akakitazama kwa jicho. Kikatulia. Halafu kikaanza tena, na hakikuacha, simu kumi na nne kwa pamoja, kama mzinga uliopigwa jiwe. Kikaanza kusogea. Akina mama wakasali kwa sauti kubwa zaidi ili wasikisikie. Kikafika ukingoni mwa meza, kikaanguka, simu zikasambaa chini ya viti, zikiendelea kutetemeka kama samaki.

"Nikainuka na kisirani. Nikasema, mwenye alifanya hii atalipa sabuni mpaka Pasaka. Nikaokota moja. Naona jina: Papa Melchior Président. Naona ua. Naona ua. Naona njiwa. Naona paka na moyo nyekundu. Nikasema basi, bwana yangu amepata malaria ya kichwa, ama mwizi ameiba simu. Halafu nasikia sauti. Ananiita Kavuo." Hapa kila mara alifunga upya kitenge chake. "Tangu tuzae Aurélie, miaka ishirini na mbili, hajaniitaka jina. Ni 'Mama Aurélie' tu. Nikajua ni kweli. Nikafukuza banamama kama kuku, nje!"

Melchior alikuwa akisikiliza kutoka chumba kingine na kujifanya anasoma.

Jumapili iliyofuata maporomoko, mkutano ulifanyika nyumbani kwake. Julie alikuwepo, na mtoto. Walikuwa wamehamia kwa shangazi, na mumewe, aliyerudi kutoka Kyavinyonge bila kungoja samaki wake, alikuwa amekaa kando yake akimtazama mtoto kama kitu alichoazimwa. Jeannine hakulala tena kwake kule juu. Alihamia kwa dada yake, upande wa pili wa mgongo wa kilima, ambako udongo ni wa mawe. Mkuu wa mtaa alikuwa amekuja, akapiga kamba kando ya ukingo uliobaki, akasema ng'ambo yake asionekane mtu.

Baada ya sala na kabla ya matangazo, Kavuo alisimama. Alivaa miwani ya mumewe, akafungua daftari jekundu.

"Papa Melchior," alisoma. "Jumatano. Maua makumi mbili na saba. Njiwa ine. Jua na kahawa, tatu. Paka," akageuza ukurasa bila haja, "saba. Yote pamoja, picha makumi ine na moja. Na hakuna huruma ya shirika."

Walicheka hadi mtoto akaamka. Mtu mmoja alipendekeza hukumu ipunguzwe, kwa kuwa mshtakiwa hakubonyeza yeye mwenyewe. Melchior alikataa. Alitoka chumbani na katoni ya sabuni, ameinunua nzima, akaiweka mbele ya Julie. Lakini hakurudi kukaa.

"Kuna kosa moja haimo mu daftari," alisema. Alitazama viti, kisha akamtazama Jeannine, ambaye alishtuka kama mwanafunzi anayesikia jina lake. "Mama Jeannine alipiga picha ya ule ufa Jumatatu. Jumanne alifika ku mulango yangu, akarudia. Ni miye nilimurudisha, na sikuwa hata nimefungua mulango. Julie angebakia na jikoni yake... hapana, jikoni ingeenda. Lakini sahani zake angetoa. Kitanda angetoa."

Hakujua jinsi ya kumaliza. Mtu aliyezoea kusoma makosa ya wengine hana sauti iliyoandaliwa kwa ajili ya lake.

"Nimefungua groupe," alisema. "Kila mutu aandike."

"Hata maua?" aliuliza mume wa Julie.

Melchior alifikiri kwa uaminifu. "Kanuni ya ine iko palepale," alisema. "Lakini hatusome tena mu mkutano."

"Wasingya," Jeannine alisema kwa Kinande, yaani asante, na akainamia magoti yake. Safari hii ilikuwa zamu yake kuzuia kicheko.

---

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya saa kumi na mbili, picha moja iliingia kwenye groupe. Haikuwa ua. Ilikuwa ukingo wa ardhi nyekundu kule juu, nje ya kamba, na kandambili ya kushoto ya Jeannine, ile iliyobaki, imelazwa kando ya ukingo. Watu walivuta kwa vidole viwili, wakaona kandambili ipo, wakawasha moto wa chai. Hakuna aliyekubali kwamba alingoja. Lakini simu ya Melchior haikulala tena kwenye kopo. Kopo lilipewa chumvi.

Siku moja ya mwezi wa kumi na moja mvua ilinyesha usiku kucha. Saa kumi na mbili ilifika bila picha. Saa kumi na mbili na robo, Melchior aligeuza simu, akaizima, akaiwasha.

"Unangojea maua?" Kavuo aliuliza kutoka kitandani.

"Naangalia saa."

"Saa iko ku ukuta."

Melchior alivaa makoti mawili, akachukua mwavuli, akapanda. Alipanda kwa kusimama mara nyingi, na kila aliposimama alijaribu kuita, na kila mara mwanamke wa réseau alimwambia kwa Kifaransa kizuri kwamba laini zote zimejaa. Alipofika juu, alimwona Jeannine amechuchumaa kando ya kamba, kandambili mkononi, simu ameinyanyua mbinguni.

"Mama Jeannine! Uko muzima?"

"Niko muzima, Papa. Mégas ya internet njo ilikufa. Tangu saa kumi na moja na nusu niko natuma, inazunguka tu." Akamtazama vizuri, makoti yake, pumzi yake. "Ulipanda na hii mvua juu ya picha?"

"Nilikuwa napita."

Hakuna njia inayopita pale. Jeannine alikuwa na adabu ya kutolisema.

Melchior alitoa simu yake. Aurélie alikuwa amemfundisha jambo hili pia, na alikuwa ameliandika: namna ya kumpa jirani mégas zako bila kumpa simu. Walisimama bega kwa bega chini ya mwavuli mmoja, simu zao zimekaribiana, wakingoja moja inywe kutoka kwa nyingine. Kisha ikaenda. Simu ya Melchior ikatetemeka mkononi mwake, ingawa kitu chenyewe kilikuwa hatua mbili mbele yake: ukingo, udongo, kandambili. Palepale. Haukusogea.

Ikatetemeka tena. Safari hii haikuwa groupe, ilikuwa kwake peke yake. Waridi jekundu lenye matone ya umande, na chini yake, kwa herufi za dhahabu: *Siku njema. Utume kwa watu kumi unaowapenda.*

Jeannine alikuwa akitazama mbali, upande wa bonde, kwa makini sana.

Melchior alirekebisha miwani, akaanza kushuka kwa uangalifu, mwavuli mkono mmoja, simu mkono mwingine. Kwenye migomba ya kwanza alisimama, akatafuta jina kwa kidole kimoja, akatuma lile waridi. Kavuo alikuwa wa kwanza. Wengine tisa aliwatafuta njiani, mmoja mmoja, kwa utaratibu.